Elfu kumi ileile, uniti tofauti: jinsi LUKU inavyopiga hesabu

Tarehe 2 umenunua umeme wa shilingi 10,000, zimeingia uniti 23 na kitu. Tarehe 12 umenunua tena wa 10,000 kwa mita ileile, zimeingia uniti 28. Mama wa nyumba ya pili naye anasema alitoa shilingi 9,150 tu za umeme akapata uniti 75. Hapo ndipo maneno yanapoanza: mita inaiba, kampuni ya simu inakata juu kwa juu, bei imepandishwa kimyakimya. Tofauti hizo hazihitaji wizi wa mtu yeyote. Namba zote tatu ni sahihi, na ukishika kalamu unaweza kuzifikia mwenyewe.

Nataka tuzifikie pamoja. Umeme wa kulipia kabla umetupa raha kubwa, na pamoja na raha hiyo umetuletea kero nyingi ndogondogo. Karibu kero zote zinatoka mahali pamoja: hesabu iliyokuwa ikipigwa ofisini imehamia ukutani kwetu, na hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha namna ya kuipiga.

Wenye umri wanakumbuka enzi za ankara. Msoma mita alipita, na akikuta geti limefungwa alikadiria. Ankara ilifika imebeba deni la miezi kadhaa, ukaenda kupanga foleni, na ukichelewa alikuja mtu na ngazi akakata waya majirani wakitazama. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ilianza kuingia Tanzania Bara miaka ya 1990 na ikaondoa aibu hiyo yote. Zanzibar wana Tukuza, Uganda wana Yaka, Rwanda na Burundi wanasema cash power, Kenya wananunua tokeni. Majina yanatofautiana, ila chini yake kuna utaratibu mmoja uliobuniwa Afrika Kusini, wakati umeme ulipokuwa unapelekwa kwa mamilioni ya kaya zisizo na anwani ya posta wala akaunti ya benki.

Shilingi 10,000 zinavyogawanywa

Bei ya umeme Tanzania Bara hupangwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na mpangilio ninaoutumia hapa ni ule wa mwaka 2016. Wengi wetu tumo kwenye moja ya makundi mawili. D1 ni la majumbani wanaotumia kidogo: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. T1 ni la matumizi ya jumla, yaani nyumba zinazotumia zaidi, maduka, saluni, mashine ndogo za kusaga. Humo uniti ni shilingi 292, ya kwanza hadi ya mwisho.

Hizo ni bei kabla ya makato. Juu yake inakuja VAT asilimia 18, tozo ya REA, yaani wakala wa nishati vijijini, asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Jumla asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya T1 inakufikia kwa shilingi 356.24, ya D1 kwa shilingi 122, na ile ya D1 iliyovuka 75 kwa shilingi 427. Gawanya 10,000 kwa 356.24, unapata 28.07. Hizo ndizo uniti zako za tarehe 12. Zidisha 75 kwa 122, unapata 9,150. Hiyo ndiyo hesabu ya mama wa nyumba ya pili, ukiacha kodi ya jengo tutakayoifikia.

Lakini huyo mama akinunua tena wa 10,000 mwezi huohuo, atapata uniti 23 tu, kwa kuwa sasa ananunua kwa shilingi 427. Wiki mbili kabla 9,150 imempa 75, leo 10,000 inampa 23. Mtu aliyekutana na hilo bila kuelezwa ana haki ya kudhani ameibiwa. Ndiyo maana mtu wa D1 hana faida ya kujaza umeme mwingi mwanzoni mwa mwezi ili akae nao. Akivuka 75 analipa mara tatu na nusu kwa kila uniti, na juu ya hapo anaacha rekodi ya mtumiaji mkubwa, rekodi inayoweza kumhamishia T1.

Yote haya yameandikwa kwenye ujumbe unaokuja baada ya kulipa, ila tunausoma kwa kuruka. Jicho linatafuta zile tarakimu 20, vidole vinakimbilia mitani, ujumbe unafutwa. Usiufute. Kwa T1 ukinunua wa 10,000, ujumbe utaonyesha kwamba umeme wenyewe ni shilingi 8,196.72, VAT ni 1,475.41, REA ni 245.90 na EWURA ni 81.97. Jumlisha, ni 10,000 kamili. Kama jumla haifiki hapo, tazama mstari mwingine. Mara nyingi utakuta kodi ya jengo.

Kodi ya jengo ndiyo iliyozipunguza uniti zako za tarehe 2. Tangu Agosti 2021 kodi hii hukatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Ghorofa hulipa zaidi. Hukatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, umeme unanunuliwa kwa kinachobaki. Toa 1,500 kwenye 10,000, baki 8,500, gawanya kwa 356.24: uniti 23.86. Hakuna kilichopotea.

Usiponunua mwezi mmoja, kodi ya mwezi huo haisamehewi. Inakaa ikikusubiri. Chukua nyumba iliyokaa tupu hadi deni likafika 9,000. Mpangaji mpya anaingia na godoro lake jioni, ananunua umeme wa 10,000, zinaingia uniti 2.8. Amelipa deni la watu asiowajua, na kabla hajalala taa inaweza kuwa imezimika. Kwa hiyo anayehamia nyumba ambayo haikuwa na mtu amuulize mwenye nyumba jambo hili kabla ya kukabidhiwa funguo, tena mbele ya shahidi. Kodi ni ya mwenye jengo kisheria. Mpangaji anaitanguliza tu, na ana haki ya kudai ipunguzwe kwenye pango.

Kwa msomaji wa Kenya, tofauti za uniti zina chanzo kingine pia. Huko bei hubeba marekebisho ya gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme na ya thamani ya shilingi, nayo hubadilika mwezi hadi mwezi. Nyumba inaweza kutumia vilevile Machi na Aprili na bado tokeni za bei ileile zikatoa uniti tofauti.

Kwa nini tarakimu 20

Watu wengi huamini mita ya LUKU inawasiliana na ofisi. Mita ya kawaida haiwasiliani na yeyote. Haina laini ya simu, haijui umelipa, haijui wewe ni nani. Inachojua ni siri moja iliyowekewa, siri ambayo kompyuta ya shirika nayo inaijua. Unaponunua, kompyuta inachukua idadi ya uniti pamoja na dakika ya ununuzi, inazifunga kwa siri ya mita yako, na matokeo yake yanaandikwa kwa tarakimu 20. Hiyo ndiyo tokeni. Mita yako ikizipokea inazifungua. Mita ya jirani ikipewa tarakimu hizohizo inaona takataka, inazikataa. Ni kama kufuli na ufunguo wake, ila ufunguo huu unafungua mara moja tu.

Hapo ndipo ilipo raha kubwa ya mfumo huu, raha ambayo tumeshaizoea mno hata hatuioni tena. Kwa kuwa mita haijali nani amelipa wala amelipia wapi, kijana aliyeko Muscat anaweza kumwomba ndugu yake Dar es Salaam anunue umeme wa mama yao aliyeko Muheza, na tarakimu zikafika kwa ujumbe mfupi kabla maharage hayajapoa. Mama hahitaji intaneti, hahitaji akaunti, hahitaji kutoka nje ya ua wake. Anahitaji mtu wa kumsomea namba. Nani hajaliona tukio hilo: saa tatu usiku, giza limetanda, mmoja kashika simu anasoma nne nne, mwingine kainama mbele ya mita anabonyeza. "Sifuri saba mbili nane." "Ngoja, ngoja. Saba mbili nane?" Kosa moja katika zile 20 na mita inakataa zote, mnaanza upya.

Kwamba mita haina saa wala mtandao kunaeleza mambo mengine yanayosumbua. Mita hukumbuka tokeni zilizoingia karibuni, angalau 50 za mwisho. Tokeni iliyokwisha kutumika ikirudi, inaitambua na kuikataa. Tokeni ya zamani kuliko zote inazozikumbuka nayo inakataliwa, hata kama haijawahi kuingizwa. Kwa hiyo ukinunua mara tatu, ziingize zote, wala usiweke moja akiba kwenye daftari hadi mwakani.

Ile dakika ya ununuzi iliyofungwa ndani ya tokeni ndiyo iliyoleta pilikapilika za mwaka 2024. Mfumo ulianza kuhesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zilikuwa zinaisha Novemba 24, 2024. Mita ambayo isingerekebishwa isingepokea tokeni mpya baada ya siku hiyo, iwe Mbeya, Mombasa au Johannesburg. Ndiyo sababu mwaka ule ulinunua umeme ukaletewa makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza hayakuwa na umeme ndani yake. Kazi yake ilikuwa kuibadilishia mita siri na kuihamishia mwanzo wa kuhesabu hadi 2014. La tatu ndilo lililokuwa na uniti. Waliorukia la tatu moja kwa moja walikataliwa, wakadhani wametapeliwa. Tokeni zilizonunuliwa kabla zikiwa hazijaingizwa nazo ziligoma, kwa kuwa zilifungwa kwa siri ya zamani. Hesabu mpya itafika mwisho mwaka 2045.

Mita haihitaji mtandao, lakini ununuzi unauhitaji. Kati ya simu yako na kompyuta inayotengeneza tokeni kuna kampuni ya simu au benki, kisha mfumo wa malipo ya serikali, kisha shirika la umeme. Kiungo kimoja kikilala, pesa inaweza kuondoka kwako na tokeni isifike. Mei 2021 mfumo wa mauzo ya LUKU ulipata hitilafu kwa siku kadhaa nchi nzima, watu wakarudi kupanga foleni kwenye ofisi za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania Bara. Siku hizo zilifundisha jambo moja rahisi: usingoje hadi zibaki uniti mbili. Na pesa ikikatwa bila tokeni, kabla ya kununua mara ya pili ingia kwenye menyu ya simu uangalie tokeni ya mwisho, maana mara nyingi imekwisha kutengenezwa na ni ujumbe tu uliochelewa.

Kuhusu kukosea namba ya mita, hofu ni kubwa kuliko hatari. Namba ya mita ina tarakimu 11, na ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile 10 za mbele. Ukikosea tarakimu moja, hesabu haikubali na malipo yanagoma. Hatari ya kweli ni namba sahihi ya mita isiyo yako: ile iliyohifadhiwa kwenye simu tangu nyumba uliyohama. Ifute leo.

Nani anakula umeme

Nyumba ikiona uniti zinakimbia, mshtakiwa wa kwanza ni anayepiga pasi, wa pili ni anayechemsha maji ya chai. Kwa kawaida wote wawili wanaonewa. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo muda una uzito sawa na nguvu. Pasi ya wati 1,200 kwa nusu saa haiwezi kuzidi uniti 0.6, yaani kama shilingi 214 kwa bei ya T1, na kwa kuwa inajizima na kujiwasha ikishapata moto, inakula chini ya hapo. Kuchemsha lita moja na nusu kwa birika la umeme ni uniti 0.15 hivi, shilingi 50 na kitu. Birika lina wati 2,000, linatisha likisomwa chini, lakini linafanya kazi dakika chache.

Anayekula kweli ni yule asiyezimwa. Globu ya zamani ya wati 100 iliyoachwa nje kwa ulinzi, saa 12 kila usiku, inamaliza uniti 36 kwa mwezi, karibu shilingi 12,800. Taa ya LED ya wati 9 mahali hapohapo inakula uniti 3 na robo, kama shilingi 1,150. Friji linalokula uniti moja kwa siku, nalo si friji baya, ni shilingi 10,700 kwa mwezi. Lenye mpira wa mlango uliolegea linapita hapo. Hita ya bafuni ya wati 5,000 ndiyo kubwa kuliko zote: watu wanne, kila mmoja dakika 10 kwa siku, ni uniti 100 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 35,600. Nyumba hiyo haitakaa D1 hata wakilala gizani.

Huna haja ya kununua kifaa ili kupima haya. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, mathalani 1000 imp/kWh. Nyingine ni 1600. Zima kila kitu, acha friji peke yake likiwa linaunguruma, hesabu mipepeso kwa dakika 10. Kwa mita ya 1000, mipepeso 20 maana yake ni uniti 0.02 kwa dakika 10, yaani uniti 0.12 kwa saa. Kisha fanya jaribio lenye maana zaidi: chomoa vitu vyote kwenye soketi, zima taa zote, ukitazame kitaa. Kikiendelea kupepesa, umeme unakwenda mahali usipopajua. Inaweza kuwa waya umechubuka na unavujisha, inaweza kuwa chumba cha uani kimeunganishwa kwenye mita yako. Hilo si jambo la kusaka mgomvi kwa maneno, ni la kumwitia fundi.

Mita moja, vyumba sita

Hapa ndipo LUKU inaponiumiza roho, na ningependa mamlaka zilitazame kwa jicho la karibu zaidi.

Kundi la D1 limewekwa kwa ajili ya mwenye kipato kidogo. Lakini mita haimtambui mwenye kipato kidogo. Inatambua jumla ya uniti. Chukua nyumba ya vyumba sita, ya aina tunayoijua Manzese, Mbagala au Mwanjelwa. Kila chumba kina taa mbili, televisheni, feni na simu za kuchaji, tuseme uniti 30 kwa mwezi. Kila mpangaji kwa matumizi yake yupo chini sana ya 75. Kama kila mmoja angekuwa na mita yake D1, angelipa 30 mara 122, shilingi 3,660. Lakini mita ni moja, uniti 180 zinaivusha nyumba hadi T1, na uniti zilezile 30 zinamgharimu shilingi 10,687. Karibu mara tatu. Wakati huohuo mfanyakazi anayeishi peke yake kwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili, friji lake na kila kitu, anabaki chini ya 75 na kula bei ya shilingi 122. Aliyebanana analipa zaidi ya aliyejinafasi. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini ndivyo hesabu inavyotoka.

Juu ya bei hiyo kuna ugomvi wa kugawana. Zamani mgomvi wetu alikuwa shirika. Sasa ni mwenzako wa chumba cha mkabala. Mwenye friji aongeze elfu tano. Wa chumba namba nne anarudi saa sita usiku, kwa nini alipe sawa? Wa namba mbili ana watoto watatu. Umeme ukiisha usiku, kila mmoja anajifanya amelala ili mwingine anunue. Mtu mmoja mwenye aibu kuliko wengine ndiye anayenunua kila mara.

Njia ya kupunguza ugomvi ipo, nayo ni kupima. Mita ndogo za ndani, wengi huziita sabumita, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na fundi huifungia kila chumba yake. Zikishafungwa, gawaneni hivi: mwisho wa mwezi jumlisheni pesa zote zilizonunua umeme, toeni kodi ya jengo maana hiyo ni ya mwenye nyumba, kisha gawanyeni kwa uniti zote zilizoingia. Mnapata bei halisi ya uniti kwa mwezi huo. Kila chumba kinazidisha bei hiyo kwa uniti zake. Uniti zilizobaki, tofauti kati ya jumla ya mita ndogo na mita kubwa, ni taa za korido, za choo na pampu. Hizo mnagawana sawa.

Kupima kunamaliza maneno, ila hakushushi bei. Tena kuna jambo ambalo hata sabumita haliwezi kulionyesha. Enzi za ankara, nyumba iliyokatiwa umeme kwa kukosa pesa ilihesabiwa: kulikuwa na jalada, na fundi aliyetumwa kukata. Leo mita ikifika sifuri saa nne usiku inazima yenyewe, na kaya iliyolala gizani siku tatu ikisubiri mshahara haimo kwenye daftari lolote. Uingereza, ambako mita za kulipia kabla ni za muda mrefu, mita hutoa mkopo mdogo wa dharura na kwa kawaida haikati usiku hata salio likiisha. Na mapema 2023 kelele za wananchi zilisimamisha uwekaji wa mita hizo kwa nguvu. Sioni kwa nini uniti mbili za dharura, zinazokatwa kwenye ununuzi unaofuata, zisiwezekane hapa, hasa sasa ambapo mita janja zinazowasiliana na ofisi moja kwa moja zimeanza kufungwa. Mwenye mashine ya oksijeni nyumbani, au mwenye insulini kwenye friji, anazihitaji usiku wa leo.

Wakati tunasubiri hilo, vyumba sita vinaweza kupiga hesabu nyingine. Ada ya kuunganishiwa umeme mjini, ndani ya umbali wa mita 30 bila kuhitaji nguzo, imekuwa shilingi 320,960 tangu mwaka 2022. Mpangaji mmoja hawezi kuitoa kwa ajili ya chumba chake: anaokoa kama 7,000 kwa mwezi, na itamchukua karibu miaka minne kuirudisha, naye huenda atahama kabla. Lakini mita moja kwa kila vyumba viwili ni uniti 60, chini ya 75. Zinahitajika mita mbili za nyongeza, shilingi 641,920, ukiacha gharama ya fundi wa kutenganisha nyaya. Zote tatu zikipangwa D1, umeme wa nyumba nzima unashuka kutoka 64,123 hadi 21,960 kwa mwezi. Zinaokolewa shilingi 42,163 kila mwezi, na ada inarudi ndani ya miezi 16.

Kundi la bei halijipangi lenyewe. Shirika ndilo linalopanga, na mteja anayeona matumizi yake yamekaa chini ya 75 huenda kuomba ahamishiwe D1, akiwa na namba ya mita mkononi. Ombi la mita mpya lazima litoke kwa mwenye nyumba, kwa hiyo mazungumzo yanaanzia kwake. Wapangaji wakikubali kutanguliza sehemu ya ada, waandike kwenye karatasi moja, kila mmoja abaki na nakala: nani ametoa kiasi gani, pango la chumba litapunguzwa shilingi ngapi, kwa miezi mingapi, na atakayehama katikati atarudishiwa na nani.